Kitambaa cha Mama Kwenye Ubao

Nilipohamishiwa zahanati moja huko juu ya Dongobesh, wilayani Mbulu, nikitokea Songea, nilipanga chumba kwa mama mjane aliyekuwa akilima vitunguu swaumu. Alinionyesha chumba, akanionyesha choo na tenki la maji, halafu akasema kwa sauti ileile, "Na yule ni mwanangu. Hasemi. Ukimsalimia, usimshike mkono."

Mwanawe alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na mmoja, mrefu, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amesimama karibu na zizi akijiyumbisha taratibu, na hakuniangalia. Mimi ni nesi. Neno usonji nilikuwa nalijua, nililisoma chuoni kwenye ukurasa mmoja wenye picha ya mtoto. Mtu mzima mwenye usonji nilikuwa sijawahi kumwona, au labda niliwahi na sikujua ninachokiona.

Asubuhi ya kwanza nilitoka na mswaki mdomoni nikamkuta mama anapanga vitu juu ya ubao uliopigiliwa ukutani nje ya jiko. Kikombe cha plastiki, kipande cha kamba, kichwa cha kitunguu swaumu, gunzi, kipande cha sabuni. Akavipanga mstari mmoja, akaondoka. Mwanawe akaja, akavitazama kuanzia kushoto mpaka kulia, akachukua kikombe, akaingia jikoni kunywa uji. Alipomaliza alikitupa kikombe kwenye beseni chini ya ubao. Akatazama tena. Kamba. Akaenda kufungua ng'ombe.

Nilisimama pale na povu la dawa ya meno mdomoni.

"Mama, nani alikufundisha hivi?"

"Nani angenifundisha?" alisema. "Akiwa kijana, nikimwita ghafla alikuwa anagonga kichwa ukutani mpaka damu. Siku moja nimeshika kamba mkononi, sijasema kitu, akanyanyuka mwenyewe akaenda zizini. Nikaona macho yake yanaelewa kuliko masikio. Basi."

Siku ya gulio aliweka mfuko wa nailoni, Jumapili jalada la kitabu cha nyimbo. Mambo yakibadilika aliongeza au kuondoa kitu mbele ya macho ya mwanawe, polepole, ili aone.

Nilidhani ninaweza kumsaidia zaidi. Nilipiga simu kwenye hospitali moja kubwa nilikosikia kuna huduma ya usonji. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Aliuliza umri. Nikamtajia. "Huyo ni mtu mzima, nesi. Sisi kadi zetu, vifaa vyetu, vyote ni vya watoto. Wakishakua..." Hakumalizia, na sikumlaumu. Nikapakua programu kwenye simu yangu, ya picha za kugusa. Ilikuwa na mashine ya kuchoma mkate, basi la njano, mtu anafagia theluji. Haikuwa na zizi wala kuni. Nilimpa simu. Aliishika kwa vidole viwili, akanirudishia, akarudi kwenye ubao wake.

Miezi michache baadaye mama alitakiwa kwenda kufanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Binti yake aliyeolewa Balangdalalu angekwenda kumuuguza, na mimi nilikuwa na likizo. Nikajitolea kubaki. Mama alinifundisha mpangilio wote kwa siku mbili, akinisahihisha kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Na kuhusu wewe kuondoka?" nilimuuliza. "Unaweka kitu gani?"

Akafikiri. "Sina kitu cha hilo. Sijawahi kulala nje ya nyumba hii tangu azaliwe." Kisha akasema, kama anajituliza, "Hatajali sana. Huwa hata haniangalii."

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Siku ya pili aliacha chakula. Aliichukua kamba, akafika zizini, akarudi, akazunguka nyumba mara nyingi, akachungulia dirisha la chumba cha mama, akazunguka tena.

Siku ya tatu nilitoka asubuhi, baridi ile ya Mbulu inauma masikio, nikakuta ubao umeshapangwa. Vitu vyote alikuwa amevishusha kwenye beseni. Kilichobaki juu kilikuwa kimoja tu: kitambaa cha kichwani cha mama, kile cha bluu cha shambani, kimekunjwa vizuri. Yeye amesimama kando, anajiyumbisha kwa kasi kuliko kawaida.

Nilidhani alikuwa anacheza tu. Nilikitoa kitambaa nikaweka kikombe. Akakitoa kikombe, akarudisha kitambaa. Nikajaribu tena kwa upole, nikisema, "Kaka, uji kwanza." Akarudisha kitambaa, na safari hii akakibonyeza kwa kiganja, akakaza, kama mtu anayesukuma mlango.

Ndipo nilipoelewa. Alikuwa ananiuliza mama yuko wapi.

Miaka yote ule ubao ulikuwa wa kumwambia yeye. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba anaweza kuutumia kuwaambia wengine. Alikuwa amelifikia hilo peke yake, katika siku moja ya kutafuta, na alichagua kitu ambacho hata mtu asiyejua lugha yoyote angekielewa. Na bado mimi, mwenye cheti, nilikiondoa mara mbili.

Nilimpigia simu binti. Mama alikuwa ameshafanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri, zimebaki siku tano. Sasa siku tano nitazisemaje? Nilikaa kwenye kigogo nikawaza mpaka nikakumbuka kwamba kwake asubuhi ni kikombe. Nikaenda kwa jirani kuazima. Nikapanga vikombe vitano, na mwisho wa mstari, kitambaa.

Aliviangalia kwa muda mrefu. Akagusa kimoja kimoja kwa kidole, akafika kwenye kitambaa, akarudi mwanzo, akagusa tena. Kisha akachukua kikombe cha kwanza akanisogezea kifuani. Alikuwa anataka uji. Alikunywa vikombe viwili vizima, na mimi niligeukia moto ili nisimtazame nikilia.

Kila asubuhi kikombe kimoja kiliingia kwenye beseni. Kilipobaki kimoja, binti alipiga simu: daktari amewazuia siku mbili zaidi. Niliongeza vikombe viwili mbele yake. Alipiga kelele. Aligonga kichwa kwenye nguzo mara tatu kabla sijaweka sweta langu katikati. Halafu akatulia ghafla, akauendea ubao, akavinyoosha vikombe vyangu ambavyo nilikuwa nimeviweka vimepinda.

Mama alirudi mchana, anatembea ameshika tumbo, binti amembebea mfuko. Nilitegemea kitu, sijui nini. Yeye alisimama mbali, akamtazama mama miguuni, kisha mikononi. Akaenda kwenye ubao, akachukua kitambaa, akakitupa ndani ya beseni pamoja na vitu vilivyokwisha. Akaenda kufungua ng'ombe.

Mama alicheka, akashika mshono kwa maumivu. Lakini nilipomweleza yote, tangu asubuhi ya kitambaa, aliacha kucheka. Alikaa chini.

"Miaka yote namwambia tu," alisema. "Kumbe na yeye alikuwa na la kusema."

Wiki iliyofuata aliomba fundi apigilie ubao wa pili, wa mwanawe. Ulikaa mtupu siku nyingi. Kisha siku moja ukawa na bua la mahindi, na ilituchukua mchana mzima kugundua kwamba anataka kwenda shamba la chini, ambako hajapelekwa tangu baba yake afariki.

Hospitali ile bado haina kitu kwa watu wazima. Huwa nawapigia, na dada yule sasa ananijua kwa sauti. Mwezi uliopita baba mmoja alikuja kutoka Getanuwas na binti yake mtu mzima, naye hasemi, baada ya kusikia habari gulioni. Mama alipokea shikamoo yake, akampa kiti, akamuuliza swali moja tu: "Huyu binti, akiamka asubuhi, anashika nini kwanza?" Yule baba akamgeukia binti yake, akaanza kumtazama.