Papa Stanislas na Maneno ya Chini ya Ndege

Ukitoka Bukavu kwa barabara ya kaskazini, ukapita Miti na kufika Kavumu, huna haja ya kuuliza nyumba ya Papa Stanislas. Simama tu barabarani utege sikio. Kama yuko nyumbani, utamsikia akimwomba mkewe chumvi.

Ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, nyuma ya karakana kuna migomba, na nyuma ya migomba kuna uzio wa uwanja wa ndege. Habari hii ni ya wakati ndege zilipokuwa zikitua hapo kila siku, za mizigo na za abiria, na kila moja ilipita juu ya bati lake kana kwamba imeangusha kitu humo ndani na imerudi kukitafuta. Mtu akiishi mahali kama hapo tangu alipooa mpaka mvi zimtoke, sauti yake hupanda kidogo kidogo bila yeye kujua. Ya Papa Stanislas ilipanda mpaka ikakosa pa kwenda.

Watu wa mtaa huo wana desturi yao. Ndege ikikaribia, aliyekuwa akisema huinua kidole kimoja na kunyamaza papo hapo, hata kama yuko katikati ya neno. Wote hunyamaza naye. Ikiisha kupita, kidole hushuka na neno huendelea pale lilipokatika. Maneno yaliyosemwa chini ya ndege hayahesabiwi. Aliyeomba mbuzi chini ya ndege hajaomba, na aliyekubali kumtoa hajakubali. Jirani yao Nsimire aliwahi kumwomba msamaha Maman Marcelline, mke wa Stanislas, kwa ajili ya kuku fulani aliyepotea kwa njia isiyoeleweka, na ndege ikapita. Ikabidi aombe upya. Mpaka leo Nsimire anashikilia kwamba ule msamaha wa kwanza ndio uliokuwa mzuri.

Msidhani Papa Stanislas alikaa tu akivumilia. Yeye ndiye aliyeongoza kamati ya majirani kwenda kuonana na wakubwa wa uwanja, kuwaomba wasijaribu injini Jumapili wakati wa misa, maana padri alikuwa akiinua mikate na waumini wakiinua vidole. Wakubwa wakakubali, na wakashika neno lao. Lakini kabla ya kukubali, mmoja wao alimwomba kwa heshima mzee aliyekuja kulalamikia kelele apunguze sauti kidogo. Kavumu walicheka wiki nzima, na yeye akacheka kuwazidi, jambo lililokuwa taabu nyingine kwa masikio ya watu.

Binti yake Aurore alisomea Bukavu, akapata kazi katika ofisi ya shirika moja mjini, na huko akajifunza kusema kama watu wa huko, polepole na chini. Huko pia akampata Chris. Wazazi wa Chris wanakaa Muhumba, mtaa wa huko huko mjini, kwenye nyumba inayotazama ziwa. Baba yake, Papa Guy, ni mhasibu aliyestaafu. Mama yake, Maman Gisèle, anafundisha chuo kikuu, na ni mtu anayefunga hata mlango wa kabati kwa vidole viwili.

Siku moja watu wa Muhumba waliwaalika wale wa Kavumu chakula cha mchana, wajuane kabla mambo hayajawa makubwa. Papa Stanislas alivaa koti lake la Pasaka. Alikaa vizuri, alisali vizuri, alijipakulia fufu kwa adabu. Halafu akaonja sambaza, vile visamaki vya ziwani.

"Maman, hii sambaza iko muzuri sana," akasema.

Mbwa wa jirani akabweka. Papa Guy akaweka chini kijiko chake. Mzee wetu, akiona kwamba wenyeji wamenyamaza, akafikiri hawakumsikia, na kwa upole wa moyo wake akarudia kwa nguvu zaidi. Mara lori likaanza kupanda mlima huko nje. Mazoea yana taabu: akainua kidole, akakaza macho, akanyamaza katikati ya neno mpaka lori lilipopita. Maman Gisèle alikitazama kile kidole kilichokuwa kimesimama mbele ya uso wake, na uso wake mwenyewe ukabadilika.

Jikoni alimuuliza Aurore, "Papa yako alikasirikia nini?"

"Hakukasirika, maman. Njo sauti yake, iko vile kila siku."

Maman Gisèle alikulia katika nyumba ya baba mkali, na tangu utoto wake kelele ya mwanamume ilikuwa na maana moja tu, na maana hiyo haikuwa sambaza. Jioni alimwambia mwanawe kwamba hana neno na msichana, ila hataunga undugu na nyumba ya makelele. Wataenda Kavumu kuposa kama walivyopanga, lakini yeye anakwenda kutazama. Akiona tena alichokiona, atachukua mkoba wake, na habari itakuwa imeishia hapo.

Aurore alipanda mpaka Kavumu Jumamosi iliyofuata. Alimkuta baba yake anapiga randa mbao za benchi watakazokalia wageni. Alizunguka zunguka kwanza, akasifu benchi, akauliza habari za maharagwe. Mwishowe akasema.

"Papa, ile siku ya wageni, usiseme na nguvu. Nakuomba. Juu ya Maman Gisèle. Anafikiri uko mutu wa hasira."

"Mi? Hasira?" akauliza Papa Stanislas, na huko kwa Nsimire kuku wakatawanyika.

"Unaona, papa."

Aliona. Akaweka randa chini. Iliuma, wala sitaficha kwamba iliuma. Baba anajua kwamba ipo siku mtoto wake atamwonea haya kwa ajili ya viatu au kofia. Lakini sauti si kofia. Akamwambia binti yake kwamba atasema chini, na ahadi yenyewe aliitoa kwa kujitahidi sana, kiasi kwamba Aurore hakuisikia na ikabidi amtazame midomo.

Alifanya mazoezi kwa mkewe. Jioni ya kwanza aliingia jikoni, akasimama karibu na moto, akasema taratibu, "Marcelline, chakula imeisha kuiva?"

Maman Marcelline akaacha mwiko ndani ya chungu, akajishika kifua. "Nani amekufa?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu lenyewe. Kavumu watu hawashushi sauti ila kwa jambo moja. Anayekuja kwako akisema chini amekuja na msiba. Lakini mzee alikuwa ameahidi, na sikio lililozoea ndege halikusikia maonyo ya mkewe. Akaendelea kunong'ona siku zote hizo, na majirani wakaanza kumtazama kwa huruma.

Jambo la pili alilofanya lilikuwa la busara zaidi. Alikwenda uwanjani kumwona Blanchard, kijana wa ofisi ya safari, aliyemjua tangu enzi za kamati. Alitaka saa ambayo hakuna ndege. Blanchard akatazama ratiba yake, akamwambia alete wageni katikati ya asubuhi, kwani ile ya alfajiri itakuwa imekwisha kuondoka na nyingine haiji mpaka mchana.

"Unaweza hata kusikia nyuki, papa," akasema. Blanchard ni kijana mkweli. Kosa lake lilikuwa kuamini ratiba.

Siku ikafika. Shitingi la buluu, turubai la plastiki, likafungwa juu ya ua, mabenchi mapya yakapangwa, kasiksi, pombe ya ndizi, ikakaa mtungini ikichemka yenyewe. Wageni wa Muhumba waliwasili na kupokelewa kwa vigelegele, wakaketi upande wao, Maman Gisèle mbele akiwa na mkoba mapajani. Desturi inataka kila ukoo uwe na msemaji wake, lakini ni nani angemnyang'anya Papa Stanislas kazi hiyo? Na Papa Guy naye alikuwa ameandaa hotuba mwezi mzima, hakutaka kumpa mtu mwingine.

Papa Stanislas akasimama. Akawatazama wageni, akamtazama Aurore aliyekuwa ameketi na shangazi zake mlangoni, akavuta pumzi, akaanza kunong'ona.

Majirani waliinama mbele. Wakageuka kutazamana. Papa Stanislas, mbele ya watu wote, anasema chini. Mama mmoja akaweka mkono kichwani. Mwingine akalegeza kilemba chake. Nsimire, mwenye moyo mwepesi, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akavuka ua akiwa tayari ameshaanza kulia kidogo, akamshika Maman Gisèle mikono yote miwili.

"Pole sana, maman. Nani njo amekufa?"

Maman Gisèle akamtafuta mumewe kwa macho. Maman Marcelline akaja mbio, akamrudisha Nsimire kwenye benchi, akatangaza kwamba hakuna aliyekufa, watu wote ni wazima. Majirani wakashusha pumzi. Lakini Maman Gisèle aliukaza mkono wake kwenye mkoba. Mara ya kwanza mzee huyu alimpigia kelele, na leo ananong'ona kama mtu anayemeza matusi. Sasa ni mtu gani huyu?

Papa Guy aliona ni heri aendelee. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza kwa sauti yake nzuri ya ofisini. Alishukuru. Alisifu mlima na ziwa. Akafika penyewe, akamgeukia baba wa msichana, akasema, "Papa Stanislas, kitu yenye ilituleta hapa leo..."

Hapo ndege ikaja. Ilikuwa ile ya alfajiri. Mvua ilikuwa imeichelewesha huko ilikotoka, na sasa ilikuwa na haraka. Vidole vyote vya Kavumu vikapanda: vya wazee, vya shangazi, hata cha Aurore, ambaye alikistukia na kukificha ndani ya kitenge. Lakini Papa Guy ni mtu wa Muhumba, na hotuba iliyokaririwa mwezi mzima haisimamishwi na chochote. Akaendelea. Midomo ilisema, mikono ilisema, mara moja aligusa moyo wake, mara moja alimwonyesha Chris. Shitingi lilipiga makofi peke yake. Ndege ilipotua na ua kutulia, Papa Guy alikuwa ameshamaliza, ameketi, anajifuta jasho, anangoja jibu.

Jibu halikuja. Kavumu walikuwa wameshusha vidole, nao wanangoja aendelee pale alipoishia.

Chris akainamisha kichwa. Papa Guy uso ulimwiva: ameomba mchumba mbele za watu, na hakuna hata aliyekohoa. Maman Gisèle akasimama, akatia mkoba begani.

Papa Stanislas alimwona. Alimtazama binti yake, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kujaa. Mzee alikuwa na ahadi yake mkononi, na alijua kwamba akiishika, binti atakosa mume kwa kimya, na akiivunja, huenda akamkosa kwa kelele. Basi afadhali kelele. Akasimama na kuifungulia sauti yake yote, ile ya chumvi, ile ya sambaza.

"Papa Guy, ndugu yangu, rudilia. Maman, ikala kwanza kwa benchi, nakuomba. Hapa kwetu, maneno yenye mutu anasema chini ya avion, hajayasema. Hatukukatala. Hatukusikia."

Mkoba ukasimama hapo hapo begani.

"Mi niko mutu wa sauti kubwa. Aurore aliniomba niipunguze, nikajaribu, munaona vile ilitutendea. Lakini sikia, maman. Huyu mutoto, neno yake ya kwanza, aliisema hapa mu hii lupango, mu kiwanja yetu, na avion ilikuwa inapita. Mama yake aliona kinywa tu inafunguka. Mi sikusikia kitu. Mupaka leo sijue kama aliita papa ao aliita maman. Kuanzia ile siku, kila kitu nilimuambia, nilisema na nguvu, juu yeye asikose kunisikia. Njo hivi sauti ilibakia. Sasa leo munakuja kumuomba, na avion inataka kuninyang'anya hata hii neno. Hapana. Hii siiache. Rudilia, ndugu yangu, yote, tangu kwa mulima na ziwa."

Maman Gisèle akauteremsha mkoba begani, akauweka chini kabisa, miguuni, na akaketi. "Rudilia, Guy," akasema. Na kwa kuwa Papa Guy alikuwa bado ameduwaa, akarudia tena kwa sauti ambayo Muhumba haijawahi kuisikia kwake.

Papa Guy akarudilia. Alipitia mlima, alipitia ziwa, akaomba. Majirani walisema baadaye kwamba ilikuwa hotuba nzuri, ingawa Nsimire alishikilia kwamba ile ya kwanza ilikuwa na mikono zaidi. Papa Stanislas akaitikia kwamba amesikia. Lakini ng'ombe wa mahari hawapokelewi hivi hivi. Sharti binti aulizwe mbele ya watu. Akamgeukia.

"Aurore, mutoto yangu. Hawa batu, tubapokee?"

Huko nyuma ya migomba ile ndege iliyochelewa ilikuwa imekwisha kugeuka. Ilinguruma, ikaja ikikimbia kando ya uzio, ikainuka juu ya bati. Vidole vikapanda vyote, na safari hii hata Maman Gisèle akainua chake, nusu nusu, kama mtu asiyejua ni kipi. Papa Stanislas naye alinyanyua chake na kungoja.

Aurore hakungoja. Alisimama mlangoni, akamtazama baba yake, akafungua kinywa, na ikatoka sauti ambayo hakuna ofisi ya Bukavu iliyowahi kuisikia, sauti ya Kavumu tupu, ikapita juu ya shitingi, juu ya migomba, juu ya injini zote mbili.

"Tubapokee, papa."

Ndege ikaenda zake. Wazee wakaanza kubishana: limesemwa chini ya ndege, je, linahesabiwa? Wote wakamgeukia Papa Stanislas awaamulie. Alijaribu kusema, na sauti haikupanda. Ilitoka chini, bila kujitahidi.

"Nimesikia," akasema, akijifuta macho kwa mkono wa koti la Pasaka.

Alisema chini kabisa, na Nsimire aliyekuwa karibu naye hakumuuliza nani amekufa.