Tuliponyimwa Midomo

Wageni wakiingia kiwandani kwetu Jinja huziba masikio na kutuhurumia. Sisi huwacheka, maana wafumaji hupiga soga kutwa nzima. Mashine zikinguruma unamtazama mwenzako mdomo, unasoma. Mwanamke wa mashine ya jirani alinisimulia maisha yake yote hivyo, na sauti yake hata sikuijua vizuri. Kwao Mbale, chini ya mlima Wanale, na mama yake alikuwa mgonjwa huko. Kila asubuhi, hata kabla ya salamu, midomo yake iliniambia: leo amekunywa uji, leo ameukataa.

Nje ya kelele hakuwa msemaji. Tukifika getini ananipungia mkono, basi, na simu hakuzipenda.

Ugonjwa wa kuambukiza ulipoingia nchini, redioni walisema hii ni vita, na kweli wanajeshi wakajaa barabarani. Marehemu baba, aliyeonja utawala wa kijeshi, angekisikia Kiswahili chao pale getini, lugha ambayo kwetu ilikuwa ya jeshi, angejificha uvunguni. Kiwanda kiliruhusiwa kuendelea kwa sharti kwamba tulale humo humo. Mimi nikapangiwa ghala moja, yeye jingine, na kuchanganyika marufuku, hata wakati wa chakula. Tulinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Tukapewa barakoa, na atakayeishusha kazini atafukuzwa.

Sikatai barakoa. Watu walikuwa wanakufa, nami nilitaka kuishi. Lakini hakuna mkubwa hata mmoja aliyejiuliza sisi tutasemezana vipi. Siku moja aliletwa muuguzi kutufundisha kujikinga. Alipomaliza habari za sabuni na kukaa mbalimbali, akasema wasiwasi nao ni ugonjwa, tusikae na mambo moyoni, tuzungumze na wenzetu. Nilicheka ndani ya barakoa mpaka machozi yakanitoka, na si yote yaliyokuwa ya kicheko.

Tulijaribu ishara. Kiganja kifuani, mama hajambo. Lakini mikono ya mfumaji ina kazi zake, uzi ukikatika haukusubiri umalize hadithi. Nikabaki na macho yake tu, nayo yalizidi kuzama. Aliacha kusuka nywele. Wa ghala lake walinionyesha kwa ishara kwamba anarudisha sahani na chakula chake. Nilimfuata msimamizi, nikamwambia mwenzetu yule anatupotea hivi hivi tunamwona. Akanijibu kwamba maadamu hana homa, yuko sawa. Nilimchukia mtu yule, na bado namchukia.

Asubuhi moja aliitwa ofisini kupokea simu. Aliporudi alisimama mbele ya mashine bila kuiwasha. Akanigeukia, akashusha barakoa hadi kidevuni. Sikuwa nimeuona mdomo ule kwa miezi. Ulikuwa umekauka, umechanika pembeni. Alitamka polepole ili nisikose hata neno.

"Mama amekufa. Sina wa kumwambia. Nakwambia wewe."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika sikioni, kwenye kamba ya barakoa yangu, msimamizi alipomshika bega na kumtoa.

Alifukuzwa saa ile ile. Mlinzi alinisimulia kwamba pale nje askari alimzuia, akamuuliza anaenda wapi. Akasema Mbale, kuzika. "Mama, gari hapana," askari alimwambia. "Rudi kwa nyumba yako." Hakuwa na nyumba Jinja. Chumba alichopanga alikiacha tulipohamia kiwandani. Akashika barabara kwa miguu. Kule Wanale hawakuweza kumngoja. Walimzika mama yake yeye akiwa bado Iganga, hata nusu ya njia hajafika.

Baadaye tukaambiwa vita vimekwisha. Barakoa zikavuliwa, magodoro yakatolewa ghalani, naye akarudishwa kazini, kwa sababu mfumaji mzoefu haokotwi njiani. Wakampa mashine ile ile. Siku hiyo nilisubiri mngurumo ushike, nikamgeukia, nikamwambia yote niliyokuwa nimemwekea: pole, nilikusoma, nilikuwa nataka kukujibu.

Alinitazama machoni, machoni tu, kisha akainama kuunga uzi. Nikarudia. Hakuinua uso. Tunafanya kazi bega kwa bega hadi leo, na hajanitazama mdomo tena.