Uchungu wa Kweli Unaanzaje

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na wiki thelathini na sita nesi wa kliniki aliponisimamisha ukutani, kwenye alama iliyochorwa kwa rangi nyekundu. Kichwa changu hakikuifikia. Akaandika kitu kwenye kadi, akanieleza kwamba wanawake wafupi kama mimi, hasa wenye mimba ya kwanza, wengine nyonga huwa nyembamba na mtoto akapita kwa shida. Kwa hiyo nisijifungulie zahanati ya kijijini. Niende kituo cha afya cha Nduguti mapema, nikakae kwenye nyumba ya kusubiria, hatua chache kutoka wodi ya wazazi. Mvua zilikuwa zimekolea, na kati ya kijiji chetu na barabara kuna korongo ambalo likijaa hata pikipiki haivuki.

Mama mkwe ndiye aliyenipeleka. Alinitandikia kitanda, akaangalia jiko la nje, akaonja maji ya bomba, kisha akageuza siku hiyohiyo kwa sababu alizeti ilikuwa inataka palizi. Mume wangu alikuwa kwenye kazi ya ujenzi Ikungi, akawa ananipigia simu kila jioni kuuliza kama bado. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Iguguno ninakoshona sare za shule na magauni ya vitenge, na mikono yangu haikuzoea kukaa bure. Nilibeba daftari langu la vipimo vya wateja nikidhani nitachora mishono mipya.

Nyumba ilikuwa na vitanda sita, lakini wiki zile tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa mwanamke wa makamo, mkulima wa uwele na alizeti kutoka kijiji cha mbali zaidi ya chetu. Nilimwamkia shikamoo, akacheka, akasema hajazeeka kiasi hicho, halafu akaitikia marahaba. Nikawa namwita dada. Yeye alikuwa amebeba mimba ya sita. Wawili alijifungulia nyumbani, watatu kwenye vituo, na safari hii waliagiza aje asubiri kwa sababu mwenye uzazi mwingi huweza kutokwa damu nyingi baada ya mtoto. Alinieleza hayo huku akimenya viazi, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani.

Siku ya tatu nilikuwa natoka bombani na ndoo ndogo tumbo likakaza. Lilikuwa gumu lote, kuanzia juu hadi chini, hata nilipolibonyeza kwa kidole halikubonyea. Niliweka ndoo chini. Likaachia. Nilipofika mlangoni likakaza tena. Nikachukua khanga zangu zote, beseni na kadi, nikavuka uwanja kwenda wodini.

Nesi wa zamu alikuwa mama mnene, mtaratibu, ambaye sikuwahi kumwona akitembea haraka isipokuwa mara moja. Alinilaza, akaweka kiganja chake juu ya tumbo langu, mkono wa pili akashika saa yake. Mimi namtazama, yeye anatazama saa. Baada ya muda mrefu akaniuliza leo nimekunywa nini. Nikasema kikombe cha uji. Akanipa maji vikombe viwili, akaniambia niende haja ndogo, nikirudi nilale ubavu wa kushoto. Nilifanya hivyo, na lile tumbo likalegea, mtoto akaanza kucheza kama kawaida.

Niliona haya, lakini udadisi ulizidi haya. Nilimuuliza tumbo linawezaje kukaza vile bila sababu.

"Mfuko wa uzazi ni msuli," akasema. "Unajizoeza. Huo ni uchungu wa mazoezi. Unakuja ovyo, mara baada ya dakika kumi, mara baada ya nusu saa. Ukinywa maji, ukilala au ukitembea, unapoa. Uchungu wenyewe haujali umelala au umesimama. Unarudi kwa mpangilio, unakaribiana, na kila ukirudi una nguvu kuliko ulivyokuja mwanzo. Wengi unawaanzia mgongoni, kiunoni, ukazunguka mbele."

Nikamuuliza kama nikikosea tena itakuwaje. Akasema nije hata mara kumi, kazi yake ni kupima na kunirudisha. Halafu akakunja uso kidogo, akasema kuna mambo matatu nisiyoyahesabia saa hata kidogo: nikiona damu inatoka, chupa ikipasuka maji yakamwagika, au mtoto akipunguza kucheza. Hapo nije moja kwa moja, uchungu uwepo usiwepo.

Nilirudi nikafungua daftari langu upande wa nyuma. Mbele kulikuwa na vifua na viuno vya watu, nyuma nikaanza kuandika tumbo langu. Nilitumia saa ya simu. Siku ya kwanza niliandika dakika kumi na saba, kisha tisa, kisha ishirini na sita, kisha sikupata kitu hadi giza. Kesho yake ilianza baada ya chakula cha mchana, ikakaa kwa saa mbili, ikapotea. Niliandika pia nilikuwa nafanya nini. Niligundua kwamba nikichuchumaa kufua lilikaza zaidi, na siku nilizokunywa maji mengi lilinyamaza. Nilifurahi kama mtu aliyegundua mwenyewe kwa nini cherehani yake inaruka mishono.

Dada alikuwa ananitazama akicheka kwa pua. Yeye hakuwahi kuangalia saa kwa mtoto hata mmoja. Nilimuuliza sasa alijuaje. Akafikiri. Wa kwanza ulimwanzia kama tumbo la kuvurugika, akadhani ni mlenda wa jana. Wa tatu ulimshika mapajani. Wa tano ulikuja taratibu mno, akapika, akalisha watu, ndipo akasema niitieni usafiri. Kwa hiyo hakuna kinachofanana, nikamwambia. Akasema kuna kimoja: ukianza kuongea na mtu, ukafika katikati ya maneno ukashindwa kuyamaliza, huo ndio wenyewe. Hilo nalo nililiandika.

Mara ya pili nilikwenda tena wodini, mchana wa siku ya gulio, dakika zangu zikiwa nane, nane, tisa. Nesi alinipima njia, akakuta imefunga kabisa. Nikarudi na beseni langu nikipita mbele ya watu waliokuwa wakisubiri dawa. Mara ya tatu ilipokuja sikwenda. Nilikunywa maji, nikazunguka uwanja mara mbili, nikaona inafifia, nikafunga daftari. Siku ile nilijiona nimeanza kulielewa tumbo langu.

Kumbe hayo yote sikujifunza kwa ajili yangu.

Jumamosi moja asubuhi, yapata saa nne, dada alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharage. Aliniambia kwa utani kwamba yale ya kwangu yamemhamia, tumbo limeanza kumbanabana tangu alipoamka. Nilimuuliza linabana wapi. Akasema kiunoni, ni uchovu wa kitanda tu. Akainuka, akazunguka nyumba, akasema akitembea litapoa. Nilimletea maji akanywa. Nilibandika maharage jikoni, nikarudi kukaa naye, na yeye akaanza kunisimulia habari ya ndama wao aliyetumbukia kwenye kisima kilichokauka, jinsi watu walivyokusanya kamba kijiji kizima.

Aliposema kamba ya kwanza ilikatika, akanyamaza. Akashika ukingo wa kigoda, akatazama chini. Kisha akainua uso, akaniuliza kama nimetia chumvi kwenye maharage.

Mkono wangu ulikwenda kwenye simu wenyewe, kwa mazoea. Sikumwambia kitu. Tukaongea mengine: watoto aliowaacha kwa dada yake, bei ya mbegu, mvua. Mara ya pili alinyamaza baada ya dakika tisa. Halafu nane. Halafu nane tena. Halafu saba, na safari hii alisimama, akaegemea ukuta kwa viganja vyote viwili. Alikuwa ametembea, alikuwa amekunywa maji, alikuwa amelala kidogo akainuka. Hakuna kilichopoa.

Nilimwambia twende wodini. Akakataa. Alisema mtu mwenye watoto watano anaujua uchungu, huu bado. Halafu akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kabla: mimba iliyopita alikwenda zahanati mara mbili, mara zote akarudishwa, na wanawake wa jirani walimfanya kichekesho kwamba amezaa mara nne hajui kuzaa. Hataki tena kubeba beseni kupita mbele ya watu.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sijazaa hata mara moja, nitamwambia nini mtu kama yule? Daftari nalo angelicheka. Nikakumbuka maneno yake mwenyewe.

"Dada," nikasema, "ile habari ya ndama hujaimalizia."

"Ndama gani?"

"Wa kisimani. Uliishia kamba ilipokatika."

Alinitazama. Nadhani alitafuta kichwani mwake mahali alipoishia, asipaone. Mdomo ulifunguka kidogo, halafu uchungu ukamshika kabla hajasema neno, na ulipomwachia alisema kwa sauti ya chini, "Nishike mkono."

Tulivuka uwanja polepole, tukasimama mara mbili njiani. Nesi alipompima ndipo nilipomwona anatembea haraka. Njia ilikuwa imefunguka sentimita nane. Mimi niliambiwa nikae kwenye benchi nje, na nadhani sikukaa hata nusu saa nikasikia mtoto analia. Nilicheka peke yangu pale kwenye benchi. Lakini mlango haukufunguliwa. Nikasikia nesi anaita mwenzake, nikasikia vyombo vinagongana, kisha kimya kirefu, kisha sauti za kawaida.

Baadaye nesi alitoka, akaketi kando yangu, akanipa habari. Mtoto wa kike, mzima. Mama alitokwa damu nyingi baada ya kondo la nyuma, lakini walikuwa wamejiandaa: wakamchoma sindano, wakamkanda tumbo, wakamtundikia dripu, damu ikakata. Akaniuliza nilijuaje kwamba ni wakati. Nikasema nilihesabu, na alinyamaza katikati ya maneno. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kunawa. Mimi ndipo nikakumbuka jiko. Niliporudi jikoni maharage yalikuwa yameungua mpaka chini.

Dada aliruhusiwa baada ya siku mbili. Kabla hajapanda gari alinimalizia habari ya ndama: alitolewa mzima kwa kamba ya nne, na mwaka uliofuata akatumbukia tena.

Zikabaki siku zangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa dakika, kwa mpangilio, kwa kiuno, nikijua nitautambua uchungu ukiwa bado mlangoni. Haukuja hivyo. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama kuokota sabuni nikahisi kitu kama kimefyatuka ndani, na maji ya moto yakanishuka miguuni. Hakuna maumivu. Tumbo limetulia kabisa. Nakiri kwamba kwa kitambo kidogo nilisimama pale nikiwaza nisubiri uchungu uanze, nipate cha kuandika. Kisha nikakumbuka nesi alivyokunja uso, nikaenda kama nilivyo, khanga imelowa.

Nesi aliyaangalia maji, akasema ni meupe, vizuri, akasikiliza moyo wa mtoto. Saa mbili baadaye uchungu ukaanza. Ulitokea nyuma, ukanizunguka kiuno kama mtu anayekufunga kitenge na kukikaza, anakaza, anakaza, halafu anakiachia kwa upole. Niliandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne siwezi kuusoma mpaka leo. Nilishangaa jinsi nilivyoweza kuufananisha na ule wa mazoezi. Haukuwa ndugu yake hata kidogo. Hata hivyo, ungeniuliza siku moja kabla, nisingekuwa na neno la kukuonyesha tofauti.

Mtoto wa kiume alizaliwa jua linapozama, kwa njia ya kawaida, ufupi wangu hivyohivyo. Nilipowekewa kifuani nilimtazama vidole kimoja kimoja.

Mama mkwe alifika kesho yake, matope hadi magotini. Alimshika mjukuu, akamgeuza, akamtafuta anafanana na nani, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda. Nilimsimulia yote: maji, ubavu wa kushoto, kwenda na kurudi na beseni, dakika, dada na ndama. Huyu ni mama aliyezaa watoto saba, na si mtu wa maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza, huku anakunja khanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa:

"Hayo ya mazoezi, yanaweza kumpata mtu siku ngapi?"

Nikamwambia nesi alisema hata wiki kadhaa.

Akasema kwenye mimba yake ya kwanza, akiwa mgeni kwa wakwe zake, aliamsha watu mara tatu. Mara tatu mkunga wa kijiji aliitwa, mara tatu uchungu ukapotea. Wakamwambia anajidekeza ili asiende shambani. Mara ya nne ulipomshika hakumwambia mtu. Alikwenda kuvuna uwele, akajifungulia shambani akiwa na wifi yake mdogo tu.

"Kwa hiyo sikuwa nadanganya," akasema.

"Hukuwa unadanganya, mama."

Alimweka mtoto vizuri mikononi, akamfunika kichwa. Akaniambia nimweleze tena, taratibu, tangu pale nesi alipoweka mkono juu ya tumbo.