Roho ya Profeseri Imesimama

Jamani, nichekeni tu. Mi nafanya usafi kwa profeseri wa hesabu, pale Gihosha. Anashinda mbele ya ordinateri, hiyo kompyuta yake. Juzi kuran, umeme, ilikatika, si mnajua vita na nyaya zetu, nikamsikia akilia, "Mungu wangu, roho imesimama!"

Kwetu roho ndiyo moyo. Nikambeba mgongoni, mbio kuelekea hospitali.

"Nishushe, we mutoto!"

"Apana, Papa, usiongee, utachoka!"

Majirani wakatufuata wakisali. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akauliza, "Anaumwa nini?"

"Roho imesimama!"

"Si yangu, ni roho ya mfano, ya mu ordinateri!" akafoka profeseri. "Naipigisha kwa hesabu, siku moja isaidie madaktari kuponya watu!"

Askari akaegemea bunduki yake, akacheka mpaka machozi.

"Murudishe pole pole," akaniambia. "Hiyo roho tunaihitaji."