Goti la Mzee wa Kanisa

Tabea Kaaya wa kijiji cha Kikwe hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba anaumwa. Watoto watano aliwazaa kimya, mkunga akadhani amepitiwa na usingizi. Jino lake la mwisho aling'olewa huku akimwelekeza daktari namna ya kushika koleo. Watu wa kusema "leo nasikia maumivu" aliwaweka kapu moja na wanaochelewa ibada na wanaokwenda kupalilia jua likiwa limeshapanda: wavivu, basi.

Kwa hiyo goti lake la kulia lilipoanza vituko, akiwa na miaka sitini na moja, hakumtangazia mtu. Alilifokea kimoyomoyo, akaendelea na migomba yake. Aliyegundua ni binti yake Diana, anayekaa Kijenge, mjini. Alimwona mama anapanda ngazi za nyumba kiubavu, mguu mmoja ukimsubiri mwenzake. Akamburuta hospitali. Daktari akaeleza kwamba gegedu imelika, apunguze uzito, afanye mazoezi mepesi, asilazimishe goti. Katika maelezo yote hayo Tabea alisikia neno moja tu, mazoezi. Hilo lilimkaa, kwa sababu lilifanana na kazi.

Na alikuwa na haraka. Mwezi ule usharika ulikuwa umemchagua kuwa mzee wa kanisa, baada ya kuangushwa kwenye kura mara mbili, miaka minane ya kuwapigia makofi walioshinda huku amekunja uso. Huko kwao mzee wa kanisa ni cheo, si umri, na wanawake nao huitwa wazee. Jumapili ya kwanza ya Januari waliochaguliwa wangeingizwa kazini: wanapiga magoti mbele ya madhabahu, kwenye saruji, mchungaji anawawekea mikono, washarika wote wanatazama. Tabea aliitaka siku hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alitaka kupiga magoti akiwa amenyooka, wale waliomnyima kura wamwone vizuri.

Tena Kikwe mtu asiyepiga magoti madhabahuni ana kesi. Watasema ametengwa, au kuna pombe, au ameonekana kwa mganga. Tabea alijua hayo kwa uhakika, maana nusu ya maneno hayo miaka yote alikuwa akiyaanzisha yeye.

Diana alikuwa anakwenda darasa la yoga kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi mmoja Themi. "Mama, twende. Inalegeza viungo."

"Si ndiyo ile ibada ya Wahindi?"

"Ni mazoezi tu, mama."

Tabea akakubali kwa masharti yake: hatafumba macho, na hatatamka neno asilolijua.

Alichokiona Themi kilimchekesha hadi akaona huruma. Watu wazima, wenye kazi zao mjini, wamekuja na nguo za kubana na chupa za maji kubwa kama kibuyu cha maziwa, wamelipa ili wafundishwe kuinama. Kikwe watu huinama bure kuanzia alfajiri, na jioni wana maharage ya kuonyesha. Kulikuwa na mama mmoja wa ofisini aliyelala chali akaambiwa anafanya vizuri sana. Kulikuwa na mzungu mwenye ndevu aliyekuwa akipumua kwa kishindo kama anasukuma gari. Tabea alibetua midomo, akajifunga kanga juu ya suruali ya Diana, akatafuta nafasi mbele.

Mwalimu alikuwa Nasieku, mwanamke wa Monduli, umri wa kama miaka thelathini. "Shikamoo, yeyo," alimwamkia, akimwita mama kwa Kimaasai chake cha heshima, akamletea blanketi lililokunjwa. "Hili weka chini ya goti, mama. Kila mkao tunakaa pumzi tano. Ukisikia linachoma, toka hapohapo. Usilazimishe."

"Marahaba. Blanketi wape wagonjwa."

Sasa sikilizeni alichokifanya mtu huyu. Kwa sababu alihofia kwamba kuhesabu pumzi ndiyo ibada yenyewe inayoingia kwa mlango wa nyuma, aliamua kuhesabu kikristo. Nasieku aliposema "pumzi ya kwanza," Tabea alianza kimoyomoyo Imani ya Mitume, taratibu, kama walivyofundishwa Kipaimara, bila kuruka. Wenzake walimaliza pumzi zao tano wakanyooka, wakatikisa miguu, wakanywa maji. Yeye alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa Pontio Pilato, goti limepinda, jasho linamtiririka, macho yamemtoka.

Likawa jambo la kusifiwa. Mama wa ofisini akasema hajawahi kuona nguvu za namna hiyo. Mzungu mwenye ndevu akamwonyesha dole gumba. Tabea akavimba kichwa. Jumamosi iliyofuata aliongeza na ufafanuzi wa Katekisimu, ule unaoanza kwa kuuliza maana yake ni nini, na kila aliyesoma Kipaimara anajua jinsi ulivyo mrefu. Goti lilichoma kama limepakwa pilipili. Kwake hiyo ilikuwa habari njema: jembe nalo huuma mgongo, na shamba linalimika.

Nasieku peke yake hakumsifu. Kila mara alikuja akamgusa bega. "Mama, toka sasa. Inatosha." Tabea alimtazama kama mtu anavyomtazama nzi, akaendelea pale alipoishia.

Jumamosi ya tatu ya Desemba walikuwa kwenye mkao wanaouita wa shujaa, mguu mmoja mbele umepinda, mwingine nyuma umenyooka. Tabea alikuwa katikati ya ufafanuzi, kwenye ile orodha ya mavazi na chakula na nyumba, goti likatoa mlio ambao ukumbi mzima uliusikia. Mtu mwenye akili angeketi. Yeye alimalizia hadi amina, ndipo akaanguka.

Nasieku alimwekea barafu, akapiga magoti kando yake. Alizungumza kwa sauti ya chini, ya adabu, lakini alikuwa amekasirika.

"Mama, naomba nikuambie ukweli, na usinichukie. Umeliumiza mwenyewe. Nilikuomba mara ngapi utoke?"

"Wewe binti, unifundishe mimi kuinama? Nimeinama kabla mama yako hajaolewa."

"Kuinama unajua, mama. Kuacha ndiko hujui. Hii miezi miwili usipige magoti popote, hata kanisani."

Njiani kurudi Kijenge, Diana akasema atampigia mchungaji, kwamba ataelewa, atambariki amesimama. Tabea akamgeukia kwa hasira hadi binti akapunguza mwendo wa gari.

"Nisimame kama mlevi aliyetengwa? Thubutu. Ukimwambia mtu hata mmoja, mimi si mama yako."

Akarudi Kikwe, akajikaza kisabuni. Goti lilivimba likawa kama papai, akalifunga kwa kipande cha kitenge chini ya gauni. Jioni alijifungia chumbani kufanya majaribio ya kupiga magoti kando ya kitanda. Kushuka aliweza, kwa kujiachia. Kuinuka alijivuta kwa kushika ubao wa kitanda, meno yameumana. Akaona mambo yamekaa sawa. Mtu aliyeweza kuzipanga fitina za usharika mzima kichwani hakukumbuka kwamba madhabahuni hakuna kitanda.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa, wengine walikaa nje kwenye mabenchi, wakisikiliza kwa vipaza sauti. Wazee wateule kumi na wawili walijipanga. Tabea alisimama kando ya Elieshi Mbise, mzee wa miaka sabini anayeingia kipindi chake cha tatu, mtu wa kutembea polepole mikono nyuma, na watu wote huusifu ule mwendo wake wa heshima. Wakaambiwa wapige magoti. Tabea akajiachia. Saruji ikampokea, na maumivu yakapanda hadi masikioni. Lakini mgongo ulikuwa umenyooka. Mikono ya mchungaji ilipomgusa kichwani alisikia furaha ya kweli, furaha chungu, ya mtu aliyewakomesha wote.

"Inukeni, mkatumike," akasema mchungaji.

Wakainuka kumi na mmoja.

Tabea alijaribu. Goti halikujibu. Akajaribu tena, likajibu kwa namna ambayo machozi yalimtoka yenyewe. Elieshi akamnong'oneza, "Mama Diana, inuka."

"Niache. Naomba."

Mchungaji akasubiri. Kwaya ikaongozwa kuimba pambio, likaisha, wakalirudia. Tabea bado yuko chini, kichwa kimeinama, mabega yanatetemeka, machozi yanadondoka kwenye saruji. Na nyuma yake akaanza kusikia kile alichokiogopa, kwa sauti za wanawake anaowajua kwa majina. "Ana jambo huyu." "Lazima. Mtu halii hivyo bure." "Mlimchagua bila kuchunguza." Benchi moja likasema pombe, na la nyuma yake likasema mganga. Kabla pambio halijafika mara ya tatu, Tabea Kaaya alikuwa na kesi kubwa kuliko zote alizowahi kuwatungia wengine.

Mchungaji, mtu wa moyo laini, akainama hadi sikioni pake. Alisahau kwamba kinasa sauti kiko kolani. "Mama," ikasikika kanisa zima, na nje hadi kwenye mabenchi, "kuna jambo moyoni unataka kulitubu?"

Washarika wakanyoosha shingo. Hata watoto walipanda juu ya mabenchi waone.

Tabea angeweza kusema ndiyo. Aliliwazia hilo kweli, tena kwa muda: dhambi yoyote ndogo, wangemsamehe, wangemlilia, angebaki na sifa yake ya mtu asiyeumwa. Lakini alikuwa amechoka, na goti lilimshinda, na hasira ikamtoa neno la kweli kwa mara ya kwanza maishani.

"Moyoni hakuna kitu, mchungaji. Ni goti. Nimeumia, ninaumwa sana, na siwezi kuinuka. Mniinue."

Elieshi akawa wa kwanza kumshika mkono. Akavuta mara moja, akatoa mguno, uso ukamgeuka rangi, akabaki ameng'ang'ania bega la Tabea ili yeye mwenyewe asianguke. Tabea akamtazama kutoka chini, akaona jasho, akaona nyonga iliyokakamaa ndani ya suti, akauelewa ule mwendo wa heshima wa miaka yote.

Wanaume wawili wa kwaya wakaja mbio na kiti, wakamkalisha mbele ya macho ya watu wote, mguu umenyooshwa, kitenge cha goti kikionekana. Aliona aibu hadi shingo ikamwaka. Kisha akawaita wale wanaume kabla hawajarudi kwenye nafasi zao.

"Leteni na cha Elieshi," akasema, na kinasa sauti cha mchungaji kikayabeba maneno hadi nje. "Naye anaumwa, ila ana kiburi."