Muuza Vitabu wa Mahoko

Muuza vitabu wa soko la Mahoko hakuambii jina la mwandishi mpaka ucheke. Hulifunika kwa kidole gumba, akakusomea ukurasa mmoja kwa sauti ya padri, mabega yakimtetemeka kwa furaha. Jana alikuja Libérata, mjane wa wiki tatu, kutafuta kitabu cha nyimbo za kanisa. Muuza vitabu akasita, kisha moyo ukamshinda: akamsomea habari za seremala wa majeneza anayewashtaki wagonjwa kwa kuchelewa kufa. Libérata akainama, akifunika uso. Jirani wa meza ya nyanya akaguna. “Mama, unisamehe,” muuza vitabu akasema, akikifunga kitabu. Mjane akainua uso, machozi ya kicheko yakimtiririka. “Bwana yangu angesikia hii, angekufa mara ya pili! Bon, uyu mutu aliandika ingine?”