Mbwa Aliyekatazwa Omena

Mbwa wangu alianza kujikuna masika yakielekea kuisha, na kabla mahindi hayajakomaa hakuwa na manyoya tumboni. Alijitafuna miguu mpaka ikawa myekundu. Masikio yalinuka. Nilikuwa nikianika omena, dagaa wa ziwani, ufuoni Muhuru Bay, nasikia kucha zake zikikwaruza ngozi nyuma yangu, kwaru, kwaru, mpaka natamani kupiga mayowe. Nimeishi peke yangu tangu mume wangu afariki, na huyo mbwa ndiye aliyekuwa akinikimbilia langoni kila jioni. Anayetaka kucheka acheke. Nilimpenda.

Ushauri haukukosekana, maana hapa kwetu kila mtu ni daktari wa mali ya mwenzake. Mmoja akaniambia nimpake oili chafu ya injini. Mwingine akaniletea dawa ya kupe ya ng'ombe. Nikamwogesha nayo, akatetemeka kutwa nzima huku akitokwa na mate, nami nimeketi kando yake nalia kwa hasira. Jirani yangu, mwenzangu wa kuanika omena, yeye hakuzunguka.

"Mama, hiyo mbwa iuliwe tu. Itaambukiza watoto."

Nikampeleka Migori mjini kwa daktari wa mifugo, Mkuria mmoja mpole aliyezoea ng'ombe zaidi. Akamkwangua ngozi kidogo, akatazama kwa darubini, akasema si wadudu.

"Hii ni aleji, mama. Kuna kitu mwili wake inakataa. Anakula nini?"

"Ugali tu, daktari."

"Nyama je?"

"Nyama nitoe wapi?"

Akamdunga sindano, akanipa tembe za kila asubuhi. Akanionya nisizikatize ghafla bali nizipunguze polepole. Zinatuliza mwasho, alisema, lakini haziondoi chanzo, tena zitamletea njaa na kiu.

Mwanzoni nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mbwa alilala bila kujikuna, nami nikalala. Kisha ile njaa ikaja. Akawa anameza kila kilichoanguka, anamaliza maji ya ndoo, anakojoa sakafuni, na kila nilipopunguza dawa mwasho ulirudi na hasira zake zote. Daktari akaongeza tembe. Nikipunguza, unarudi. Nilichoka mpaka nikaanza kumchukia mbwa mwenyewe, halafu nikajichukia kwa kumchukia.

Asubuhi moja daktari alikuja Muhuru kuchanja ng'ombe, akapitia kwangu. Alinikuta nampa mbwa dawa. Tembe tupu alikuwa anazitema, kwa hiyo nilizoea kuzificha ndani ya tonge la omena zilizopikwa.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Omena. Bila hiyo hamezi."

"Si uliniambia ni ugali tu?"

"Kwani omena ni chakula, daktari? Hiyo ni mboga."

Akalitwaa lile tonge mkononi mwangu. Huku ziwani omena zipo tu, kama mchanga, na ukimwuliza mtu amekula nini hatakumbuka kuzitaja. Mbwa wangu alizila tangu alipoachishwa ziwa, asubuhi na jioni, na sasa nilikuwa namfungia dawa ya mwasho ndani ya kile kile daktari alichokuwa akikitafuta. Alisema nimkataze kabisa, hata kuonja.

Nikampikia ugali kwa mayai, nikamfunga kamba. Lakini ua wangu unapoishia ndipo nyavu za jirani zinapoanza, na omena zimetandazwa mpaka majini. Upepo unazileta. Watoto wanamrushia. Siku moja akatafuna kamba, nikamkuta kwenye wavu wa jirani, mdomo umejaa, na jirani amesimama juu yake na rungu. Nilimvuta kwa shingo mpaka nyumbani. Baada ya siku chache masikio yalikuwa yanavuja damu tena, na mimi sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Nikampigia dada yangu, aliyeolewa Rodi Kopany, mbali na maji.

"Lete tu, nyaminwa, dada yangu," akasema. "Hapa sisi ni watu wa maharagwe."

Nilimpeleka kwa pikapu, nikarudi na kamba mkononi. Nilikaa bila kwenda kumwona mpaka dada aliponiambia mbwa ameacha dawa kabisa.

Siku ya kwenda niliogea sabuni na ndimu kutoa harufu ya omena, nikavaa nguo za kanisani. Alinitambua nikiwa bado barabarani. Manyoya yalikuwa yamejaa, yanang'aa. Alinirukia, akaacha uso, akaenda moja kwa moja kwenye mikono yangu na kuanza kuramba katikati ya vidole kwa pupa.

"Mtoe!" dada akapiga kelele. "Daktari alisema hata kuonja hapana!"

Nikaificha mikono kwapani. Mbwa akaketi mbele yangu, mkia ukipiga vumbi, akingoja nimshike.